Sura ya Tatu: Aliyekuona Ukifanya Kazi

Ofisi ya udahili ya chuo kikuu cha Marekani haichagui wanafunzi wa uzamivu wa sayansi. Hupokea ada ya maombi, hukagua kama vyeti vimetimia, na mwishoni hutuma barua. Wanaochagua ni walimu wachache wa idara yenyewe: watu wenye vipindi vya kufundisha, wanafunzi wa kusimamia na maombi yao wenyewe ya fedha za utafiti, ambao kuanzia Desemba hufungua majalada ya waombaji usiku, kazi nyingine zikiisha. Mwombaji wa Dodoma au Kisumu akilijua hili mapema, ataacha kuandika kama mtu anayejaza fomu ya serikali. Atawaandikia wanasayansi.

Wanasayansi hao wana sababu nzito ya kuwa wagumu. Nchini Marekani, mwanafunzi wa uzamivu wa kemia, fizikia au biolojia kwa kawaida halipi ada. Analipiwa, anapewa posho ya kuishi, na mara nyingi bima ya afya, kwa miaka mitano hivi au sita. Idara nyingi hazimtaki hata awe na shahada ya uzamili kwanza. Anaingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Kwa malipo hayo anasimamia maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kusahihisha kazi zao, au anafanya utafiti kwa fedha ambazo profesa wake amezipata kutoka taasisi za umma kama NIH na NSF. Kila nafasi basi ni gharama kubwa, na profesa anayekukubali anakukabidhi sehemu ya maabara yake kwa miaka. Anapokaa na jalada lako mbele yake, analotaka kujua ni hili: kijana huyu jaribio likimgomea mwezi wa tatu mfululizo, atafanya nini?

Alama za mtihani hazina jibu la swali hilo. Zina kazi yake, na sitamdanganya msomaji kwamba mwenye alama duni anapita kirahisi. Mwaka 2016 mtafiti Julie Posselt alichapisha kitabu kilichotokana na kukaa ndani ya vikao vya kamati za namna hii, akionyesha kuwa katika mchujo wa kwanza alama na jina la chuo hupewa uzito zaidi kuliko walimu wenyewe wanavyopenda kukiri. Hilo linatugusa sisi kwa namna ya pekee, kwa sababu alama zetu hazisomeki vizuri kule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia kipimo cha 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Mtu aliyezoea kipimo cha 4 akiona 3.8 kati ya 5 na kupiga hesabu ya haraka, anapata kama 3.0, na kwake hiyo ni alama ya kawaida tu, ingawa nyumbani ni daraja la pili la juu na limetolewa jasho. Kenya ndiyo kabisa: asilimia 72 ni daraja la kwanza, lakini kwa Mmarekani asilimia 72 ni alama ya mwanafunzi anayesuasua. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maelezo ya kipimo cha chuo chako, ambayo mara nyingi huchapishwa nyuma ya transkripti, yaskaniwe na kupakiwa pamoja na ukurasa wa mbele. Watu wengi hupakia ukurasa wa mbele peke yake.

Mtihani wa GRE, uliokuwa ukiwanyima watu usingizi, umepungua nguvu. Mwaka 2019 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science Advances ulionyesha kuwa alama za GRE ya fizikia hazikutabiri vizuri nani angemaliza uzamivu wake, na baada ya janga la korona idara nyingi ziliacha kuudai. Angalia ukurasa wa kila idara, maana nyingine zimeurudisha na nyingine hazisomi alama zake hata ukizituma.

Kinachobaki, na ndicho kinachoamua, ni barua tatu za mapendekezo.

Nimesoma barua nyingi za aina hii zilizoandikwa na wahadhiri wetu, na nyingi zinafanana kiasi kwamba ukibadilisha jina hakuna atakayegundua. Zinasema hivi: namfahamu mwombaji kwa miaka mitatu, ni mwenye bidii, nidhamu na heshima, alihudhuria vipindi vyote, naamini atafanya vizuri akipewa nafasi. Kwetu hiyo ni barua njema. Imemsifia mtu tabia yake, na tabia ndiyo msingi wa mtu. Lakini aliyeko upande wa pili ameizoea barua ya kurasa mbili inayosimulia mambo yaliyotokea. Akikuta aya moja ya sifa za jumla anahitimisha kuwa mwandishi hamjui mwanafunzi huyu, au anamjua na hana la kusema. Kijana anaachwa nje kwa ajili ya ufupi wa mwalimu wake, wala hatajua kamwe.

Linganisha na barua ya namna hii, niliyoitunga kwa mfano. Mwombaji alipima floraidi katika maji ya visima vya vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru. Wiki ya pili aliona sampuli ileile inasoma tofauti asubuhi na mchana. Wenzake wawili walikuwa wameona hivyo hivyo wakaandika wastani. Yeye aliweka kipimajoto mezani, akaandika joto la chumba kila saa kwa siku nne, akaonyesha kuwa elektrodi inayumba kadiri chumba kinavyopata joto. Tangu hapo akawa anaijaribu kwanza kwenye myeyusho wenye kiwango kinachojulikana, asubuhi na tena mchana, na akarudia vipimo vyote vya wiki ya kwanza bila kuagizwa. Katika darasa langu la wanafunzi 84 alikuwa wa tisa kwa alama. Kwa kazi ya maabara sijapata wa kumlinganisha naye tangu nianze kufundisha.

Angalia barua hiyo imefanya nini. Haikuficha kuwa alikuwa wa tisa. Haina neno bidii. Lakini profesa wa kemia aliyepo Wisconsin, ambaye hajawahi kuisikia Arusha, sasa anajua mtu huyu kipimo kikimdanganya atafanya nini. Lile swali lake limejibiwa na mtu aliyekuwepo.

Kwa hiyo shauri langu kwa anayeota kusoma sayansi mahali penye ushindani ni kwamba atafute shahidi kabla ya kutafuta chuo. Shahidi ni mtu anayejua sayansi, aliyekuona kwa macho yake ukihangaika na tatizo ambalo jibu lake halimo nyuma ya kitabu. Hapatikani Novemba. Anapatikana kwa kufanya kazi karibu naye muhula mzima au miwili, na wengi wetu tunakosea hapa kwa kuwa tumelelewa kutafuta jina kubwa. Kijana anamwacha mhadhiri msaidizi aliyeshinda naye maabara mpaka saa mbili usiku, anakwenda kuomba barua kwa makamu mkuu wa chuo, au kwa mbunge wa jimbo lao. Barua ya mheshimiwa haina uzito hata kidogo kwenye kamati ya idara ya biolojia. Hakuwepo.

Historia yetu wenyewe inao mfano mzuri kuliko nitakaoutoa popote. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, aliwahi nafasi kwenye jokofu kwa kuingiza mchanganyiko wake wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ulioingia bila kuchemshwa. Aliuliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Kisha akaja Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama kuuliza mbele ya wote. Darasa likacheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo linaitwa duniani kote kwa jina la Mpemba, na wanafizikia bado wanabishana kama lipo na kwa sababu gani.

Wanaoisimulia habari hii humsifu Mpemba kwa udadisi, na anastahili. Mimi humtazama pia Osborne. Alikuwa mwanasayansi aliyelisikia swali, akalipima, akaweka jina lake kando ya jina la mwanafunzi. Bila mtu wa namna hiyo, swali la Mpemba lingebaki kichekesho cha bwenini.

Wangari Maathai naye alipitia njia inayofanana na hiyo. Alikuwa na shahada ya uzamili ya biolojia ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh aliporudi Nairobi mwaka 1966, na kazi aliyokuwa ameahidiwa akakuta imepewa mtu mwingine. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, akamchukua kuwa msaidizi wa utafiti. Hofmann alipomwona kazini alimhimiza asome uzamivu, na mwaka uliofuata akaenda Ujerumani kwa masomo hayo. Mwaka 1971 alitunukiwa shahada hiyo Nairobi, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata. Mlango ulifunguliwa na mtu aliyemwona mbele ya hadubini.

Utaniuliza: na mimi niliyeko chuo kisicho na maabara ya maana? Naanza na mradi wa mwaka wa mwisho. Wanafunzi wengi huufanya kwa wiki tatu za mwisho ili upite, ilhali huo ndio utafiti pekee ambao chuo kinawalazimisha kuufanya. Ufanye kwa mwaka mzima. Ukienda fildi, usiende ofisi ya mjomba kupanga mafaili. Omba mahali panapofanyika sayansi, hata kama kazi yako itakuwa kuosha chupa na kuhesabu mbu. Taasisi ya Afya Ifakara inahesabu mbu kweli kweli, na inaheshimika duniani kwa hesabu hizo. Kilifi kuna kituo cha KEMRI na Wellcome, kilichoanza 1989, ambacho kimekuwa kikiwachukua wahitimu wa shahada ya kwanza na kuwafundisha utafiti. Nairobi ipo icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 kwa ajili ya sayansi ya wadudu, na ambayo tangu 1983 imelea watafiti wa uzamivu kutoka nchi nyingi za Afrika. Zanzibar ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukishindwa kufika kote huko, kompyuta ya mkononi yenye intaneti ni maabara ya namna yake: picha za satelaiti za Landsat zilifunguliwa kwa wote bila malipo mwaka 2008, na mtu aliyeko Njombe anaweza kupima msitu wa wilaya yake ulivyopungua mwaka hadi mwaka. Atahitaji tu mhadhiri mmoja wa kumwonyesha kazi hiyo kila baada ya wiki mbili.

Ipo pia njia ya katikati ambayo watu wetu hawaitumii vya kutosha. AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzishwa na Neil Turok huko Muizenberg, Cape Town, mwaka 2003, hutoa shahada ya uzamili kwa ufadhili, na imeenea hadi Rwanda na kwingineko. Kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, kina stashahada ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na tangu 2018 kina mshirika wake Kigali kwa ajili ya fizikia. Anayepitia huko hutoka na elimu, na hutoka pia na walimu watatu wanaojulikana na kamati za Ulaya na Marekani, waliomwona akifanya hesabu ubaoni.

Sasa tuje kwenye kuomba barua yenyewe. Mazungumzo ya kawaida ni haya.

“Shikamoo, Daktari. Naomba unisaidie barua ya mapendekezo, mwisho ni kesho kutwa.”

“Marahaba. Andika mwenyewe, uniletee niitume.”

Simlaumu mhadhiri, ana wanafunzi mia tatu na karatasi zao mezani. Lakini barua tatu zilizoandikwa na mkono mmoja zinajulikana. Zina misemo ileile na makosa yaleyale, na msomaji akishatia shaka hiyo, jalada zima limechafuka. Nenda kwa mwalimu wako wiki sita kabla, na uwe umebeba karatasi moja ya kumkumbusha: mradi ulikuwa upi, lini, uliharibika wapi, ulirekebishaje, alisema nini alipoona matokeo. Mpe na maelezo yako ya malengo. Mwambie kwa heshima kwamba kamati inataka kusikia tukio moja au mawili aliyoyashuhudia, pamoja na nafasi yako darasani. Mwalimu akipewa malighafi ya namna hiyo, hata mwenye haraka huandika kitu cha maana. Kisha fuatilia. Kiungo cha kupakia barua humjia yeye kwa barua pepe, na mara nyingi hutumbukia kwenye barua taka. Mpigie simu siku ileile. Na kama anayo anwani ya barua pepe ya chuo, tumia hiyo, maana baadhi ya vyuo havipokei barua kutoka anwani binafsi.

Maelezo ya malengo, zile kurasa mbili unazoandika mwenyewe, yasigeuke wasifu wa maisha. Sentensi ya kwamba umeipenda sayansi tangu utotoni imeandikwa na kila mtu. Anza na kazi, kwa mfano: visima kumi na viwili, kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, visima vingapi vilivuka, na kitu gani katika matokeo hukukielewa. Hapo kwenye usichokielewa ndipo penye dhahabu. Mwanasayansi akisoma swali zuri anaanza kulijibu kichwani, na akishaanza kulijibu amekwisha kukuona kama mwenzake. Umaskini wa nyumbani utaje pale tu unapoeleza jambo fulani, kwa mfano muhula ulioanguka kwa sababu ulikuwa ukifanya kibarua. Usiuweke ili uonewe huruma.

Je, uwaandikie maprofesa mapema? Inategemea fani. Katika ekolojia mara nyingi profesa mmoja ndiye anayekuchukua, na asipokujua kabla ya Desemba nafasi yako ni ndogo. Katika biolojia ya molekuli wanafunzi wengi huingia idarani kwanza na kuzunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua, kwa hiyo barua pepe haibadilishi mengi. Popote unapoandika, iwe fupi, itaje makala yake moja uliyoisoma kweli, na iulize swali moja. Barua inayoanza kwa kuomba ufadhili huwa haijibiwi.

Ada ya maombi kwa chuo kimoja mara nyingi ni kati ya dola 75 na 125, fedha nyingi kwetu, lakini vyuo vingi husamehe ukiomba, na wanaoomba ni wachache kwa sababu ya kuona haya. Omba. Uliza pia kama barua ya chuo chako kuthibitisha kuwa ulifundishwa kwa Kiingereza inatosha badala ya mtihani wa TOEFL. Majibu hutoka kati ya Januari na Machi, na vyuo vingi vimekubaliana kuwa aliyepewa ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua.

Ukikataliwa, fahamu kuwa sababu nyingi hazimo kwenye jalada lako. Profesa aliyekupenda huenda hakupata fedha mwaka huo. Mwaka 2025 fedha za utafiti za serikali ya Marekani zilipoyumba, idara kadhaa zilipunguza nafasi, na wapo walioandikiwa kuwa wamekubaliwa kisha wakaambiwa nafasi imeondolewa. Masharti ya viza nayo hubadilika bila taarifa ndefu. Kwa hiyo usiweke matumaini yote nchi moja: Ujerumani mwanafunzi wa uzamivu wa sayansi mara nyingi ni mwajiriwa mwenye mkataba, na barua ileile nzuri inafaa huko, Kigali na Cape Town.

Nimalize na nyinyi wahadhiri wenzangu, kwa kuwa sehemu kubwa ya haya imo mikononi mwetu. Mwanafunzi hawezi kujiandikia ushahidi. Muhula huu mchague mmoja au wawili, si lazima wanaoongoza darasani, muwape tatizo ambalo nyinyi wenyewe hamna jibu lake, na muweke daftari dogo la kuandika mnachokiona. Novemba wakija kuomba barua, andikeni kurasa mbili kutoka kwenye daftari hilo, mtaje siku, chombo, kosa na namna lilivyorekebishwa, na mzitume kabla ya tarehe ya mwisho.